Gari la umeme limegoma kuwasha nyumba? Anza kupima ukutani

Gari la umeme likikataa kuchaji, au likizima katikati ya kuwasha nyumba wakati TANESCO au Kenya Power wamekata, lawama ya kwanza huenda kwa gari. Mara nyingi gari halina kosa. Lenyewe hukagua umeme kwa ukali kuliko kifaa kingine chochote cha nyumbani, na hitilafu ambayo pasi na birika vimeivumilia miaka kumi, gari haliivumilii hata sekunde moja. Kwa hiyo hapa tunaanza na nyumba, kisha waya na adapta, halafu ndipo gari.

Uwe na multimita, na ukiweza klampu mita. Kazi ya ndani ya bodi ya breka mwachie fundi umeme mwenye leseni. Nyaya nene za rangi ya chungwa chini ya boneti haziguswi na mtu yeyote asiye fundi wa magari hayo. Zina mamia ya volti za DC, zinazoweza kuua.

Kwenye soketi yoyote utakayotumia, pima mara tatu: laivu (waya wenye umeme) kwa nyutro (waya wa kurudishia), laivu kwa ethi (waya wa ardhini), nyutro kwa ethi. Nyumba iliyo sawa husoma takriban 230 (Kenya 240), namba ile ile au karibu nayo, na chini ya volti 5. Andika namba hizo mahali, maana tutazirudia.

Soketi ina umeme, lakini kisanduku cha kuchajia kinawasha taa nyekundu

Kile kisanduku kilicho katikati ya waya wa kuchajia hupima ethi kabla ya kuruhusu umeme upite. Ukipima laivu kwa ethi ukapata namba inayocheza, mara 70, mara 140, ethi haipo. Anza na sababu za bei rahisi: ekstensheni ya nyaya mbili tu, kigeuzi cha plagi chenye pini mbili, au waya wa kijani na njano uliokunjwa nyuma ya soketi bila kufungwa. Hii ya mwisho ipo kwenye nyumba nyingi kuliko wenye nyumba wanavyodhani.

Soketi ikiwa sawa, nenda kwenye nondo ya ethi. Mombasa, Unguja na sehemu nyingi za pwani, chini ya udongo kidogo kuna mwamba wa matumbawe. Nondo ya mita 1.5 hugonga mwamba katikati ya safari, fundi aliyechoka huikata kwa msumeno, na kichwa kinachobaki juu huonekana sawasawa na cha nondo nzima. Wakati wa masika ethi hiyo inapita kwa shida. Kaskazi ikikausha ardhi, kisanduku kinaanza kukataa, na mwenye gari anadhani chaja imeharibika. Dawa ni nondo ya pili umbali wa mita 3 au zaidi kutoka ya kwanza, mahali penye udongo wa kina, ziunganishwe kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16, kisha fundi apime kwa kipima ethi. Lenga chini ya omu 100. Multimita haitoshi kwa kipimo hiki: ethi mbovu inaweza kuonyesha volti nzuri kabisa mpaka siku itakapodaiwa kubeba mkondo.

Ukichaji kutoka kwenye jenereta au inveta, taa nyekundu ile ile ina maana nyingine. Pima: ukipata takriban 115 kwa laivu na ethi, na 115 tena kwa nyutro na ethi, nyutro inaelea, haijafungwa popote kwenye ethi. Fundi huifunga kwenye jenereta yenyewe, nyumba ikiwa imetengwa na umeme wa shirika.

Linachaji, linaacha, linaanza tena

Pima volti kabla ya kuchomeka, kisha pima gari likivuta. Tuseme ilikuwa 235, na gari linapovuta ampea 10 inashuka hadi 222. Volti 13 zilizopotea mara ampea 10 ni wati 130, na zote zinageuka joto kwenye waya na maungio. Ni kama balbu kubwa ya zamani iliyofukiwa ndani ya ukuta, ikiwaka usiku kucha. Shika plagi baada ya nusu saa. Ukishindwa kuishikilia kwa sekunde tano, zima. Soketi iliyobadilika rangi ikawa ya kahawia haisafishwi, inatupwa.

Soketi ya kawaida ya pini tatu imeandikwa ampea 13, lakini kwa saa kumi mfululizo hiyo namba isikudanganye. Weka gari livute 10, au 8 kama nyumba ni ya zamani. Kwa anayechaji kila siku, ushauri wetu ni njia ya peke yake kutoka kwenye bodi: waya wa milimita 4, breka ya ampea 20, na soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16. RCD (breka inayokata umeme unapovuja) ya njia hiyo iwe ya aina A pamoja na kisanduku kinachogundua uvujaji wa DC wa miliampea 6, au iwe ya aina B. RCD ya aina AC, iliyojaa madukani, inaweza kupofushwa na DC kidogo inayovuja kutoka kwenye chaja ya gari. Inabaki imewashwa, inapendeza, na siku ya hatari haifanyi kitu.

Ekstensheni ya kamba iliyozungushwa kwenye gurudumu ikunjuliwe yote. Ya milimita 1 na urefu wa mita 30 inapoteza takriban volti 11 kwa ampea 10. Ya milimita 2.5 inapoteza chini ya 5.

Kama volti iko chini hata kabla gari halijachomekwa, na hutokea jioni tu, tatizo ni laini ya mtaa. Nyumba za mwisho wa laini hushuka chini ya 200 watu wanapopika. Chaji baada ya saa tano usiku. Kwa ampea 10, betri ya uniti 40 (uniti hapa ni ile ile ya LUKU na tokeni, kilowati moja kwa saa moja) kutoka asilimia 20 hadi 80 inahitaji saa 11 na nusu hivi, ukihesabu na kinachopotea njiani. Ukianza saa tano utamaliza katikati ya asubuhi, si alfajiri.

Lilichomekwa usiku, linaacha saa saba kila siku

Hili ni la magari yaliyotoka Japani. Huko watu wengi huchaji kwa bei ya usiku, saa 23:00 hadi 07:00, na taima ya mmiliki wa zamani mara nyingi imo bado, pamoja na saa ya Japani. Japani iko mbele yetu kwa saa sita kamili, kwa hiyo dirisha hilo kwetu ni saa kumi na moja jioni hadi saa saba usiku. Ukichomeka saa mbili usiku linachaji kidogo na kuacha. Ukichomeka saa nane usiku halianzi kabisa. Rekebisha saa ya gari, futa taima. Kama menyu ni ya Kijapani, kamera ya simu yenye tafsiri inatosha kukufikisha.

Adapta ya kutoa umeme imechomekwa, hakuna kitu

Kwanza hakikisha gari lina uwezo huo. Hyundai Ioniq 5, Kia EV6, BYD Atto 3 na MG4 zinatoa umeme wa AC kupitia mlango wa kuchajia, kile kinachoitwa V2L. Nissan Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazitoi AC. Zinaweza kulisha nyumba, lakini kwa DC kupitia mlango wa CHAdeMO na mashine ya ukutani inayogeuza umeme; Nichicon ya Japani ilitoa mashine kama hiyo ya kilowati 6 mwaka 2012, kwa mfumo wa umeme wa Japani wa volti 100 na 200. Mtu akikuuzia adapta ndogo ya elfu chache na kukuambia inafanya kazi kwenye Leaf hizo, mwache nayo.

Outlander PHEV na baadhi ya magari ya haibridi kutoka Japani yana soketi ndani ya gari, wati 1,500. Ni volti 100. Friji ya 230 ukiichomeka hapo itanguruma bila kuanza na kompresa inaweza kuungua. Unahitaji transfoma ya kupandisha volti, yenye VA 2,000 au zaidi, na hata hapo wati ni zile zile 1,500.

Kama gari lina V2L na bado kimya: adapta ya kampuni nyingine huwa na rezista tofauti ndani, na gari huitambua adapta kwa hiyo rezista; magari mengine yanataka uwashe kutoa umeme kwenye skrini, adapta nyingine ina kitufe chake. Soketi ya ndani ya Ioniq 5, chini ya kiti cha nyuma, inataka gari liwe limewashwa. Pwani, angalia pini: chumvi ikizigeuza kijani, zisafishe kwa dawa ya maungio ya umeme, kila kitu kikiwa kimezimwa.

Vifaa vinawaka kwenye ekstensheni, lakini ukiunganisha nyumba gari linazima

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa mafundi wanaobadilisha adapta bila kupima, kwa hiyo twende polepole.

Kwanza, namna ya kuunganisha. Waya wenye plagi za kiume pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ya sebuleni ili "kulisha nyumba kinyumenyume", usiutengeneze na usiuguse. Meni swichi ikisahaulika, umeme wa gari lako unapanda hadi transfoma ya mtaa, unageuka maelfu ya volti, na unamkuta fundi wa shirika juu ya nguzo akiamini laini imekufa. Umeme ukirudi ghafla, mawimbi mawili yanagongana na gari ndilo linaloungua. Kinachotakiwa ni chenjiova ya mkono, I-0-II (swichi ya kuchagua: I shirika, 0 imezimwa, II gari), na kwenye ukuta wa nje soketi ya kiume ya bluu ya kupokelea umeme wa gari.

Sasa ugonjwa wenyewe. Mafundi wengi wamezoea chenjiova inayokata laivu peke yake, nyutro ikibaki imeungana pande zote. Kwa jenereta ya zamani hilo lilipita bila mtu kugundua. Kwa gari halipiti. Nyutro ya shirika imefungwa kwenye ardhi huko kwenye transfoma, na wakati mwingine tena kwenye mita. Sehemu ya mkondo wa gari, badala ya kurudi kwa nyutro, inashika njia ya ardhini. Gari linaona kilichotoka hakilingani na kilichorudi, linahesabu ni uvujaji, linazima. Weka chenjiova inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Ethi haikatwi kamwe. Ya gari, ya nyumba na ya nondo zote zibaki zimeungana.

Ukibadilisha na bado linazima, pima kwenye adapta yenyewe, bila nyumba. Laivu kwa ethi 230 na nyutro kwa ethi karibu 0: gari limefunga nyutro lenyewe. Basi nyumba isifunge tena nyutro na ethi kwenye upande wa gari wa chenjiova. Kiungo cha pili ndicho kinachoiba mkondo. Ukipata 115 na 115, umeme wa gari unaelea. Hapo gari halizimi, na watu hufurahi, lakini RCD ya nyumba imekuwa pambo: laivu ikigusa mwili wa friji, mkondo hauna njia ya kurudi na RCD haina cha kuona. Kwa vifaa viwili vitatu kwenye ekstensheni fupi hali hiyo inakubalika. Kwa nyumba nzima, fundi huweka kiungo cha nyutro na ethi kabla ya RCD, ndani ya njia ya gari tu, ili chenjiova ikirudi kwenye shirika kiungo hicho kisiwepo. Asome kitabu cha gari kwanza: yapo magari yanayofuatilia kuelea huko, na ukilifunga linatoa hitilafu.

Ikiwa vipimo vyote viko sawa na bado linaruka, zima breka zote na uwashe moja moja. Itakayoangusha ndiyo yenye sakiti mbovu. Wanaoongoza ni taa za nje zilizoingia maji, elementi ya hita ya maji iliyotoboka, na nyutro za sakiti mbili zilizochanganywa nyuma ya swichi.

Kila unapowasha fuata mpangilio huu: breka zote chini, chenjiova 0, chomeka gari, washa kutoa umeme, chenjiova II, kisha breka moja baada ya nyingine, friji kwanza.

Linazima pampu ya maji inapoanza

Gari la wati 2,200 linatoa takriban ampea 9.6, la 3,300 linatoa 14.3; la 3,600, 15.7. Pampu ya farasi mmoja inaishi kwa ampea 5 au 6, lakini kwenye kuanza inadai mara tano hadi saba ya hiyo. Jenereta ya dizeli ingeguna na kuvumilia. Inveta ya gari haigunii mtu, inakata.

Anzisha pampu ikiwa peke yake, mengine yakiwa yamezimwa. Ikishindikana, toa kapasita ya pampu upime: iliyoandikwa maikrofaradi 20 ikisoma 14, ndiyo inayoichelewesha pampu kuanza. Ibadilishe kwa bei ndogo kabla ya kufikiria pampu mpya. Baada ya hapo ni pampu ya nusu farasi, au ya sola yenye kidhibiti kinachopandisha mwendo taratibu. Pampu ya fezi tatu isahau. V2L za magari haya ni fezi moja.

Shawa ya umeme ya papo hapo inakula wati 4,500 na zaidi, haiingii. Birika la wati 2,200 linaingia peke yake kwenye gari la 3,300. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 ndilo rafiki wa V2L: maharage yanaiva na friji haijui.

Na friji isipowaka dakika za kwanza, usianze kufungua kitu. Friji gadi husubiri dakika tatu hadi tano kila umeme unaporudi.

Betri inashuka haraka kuliko hesabu

Hesabu ya kawaida ya nyumba wakati wa mgao: friji uniti 1.2 kwa siku, taa nane za LED kwa saa tano 0.4, televisheni 0.4, ruta 0.24, feni mbili usiku 1, simu na laptopu 0.3. Jumla uniti 3.5. Mwenye betri ya uniti 60 anategemea kupoteza asilimia 6. Asubuhi ya pili anakuta 15 zimeondoka.

Hakuna aliyeiba. Gari linapotoa umeme haliko usingizini: kompyuta, kontakta (swichi kubwa za betri), inveta na pengine pampu ya kupozea vinafanya kazi. Hesabu wati 200 hivi kwa gari lenyewe, zaidi au pungufu kulingana na aina. Kwa saa 24 ni uniti 4.8, nyingi kuliko nyumba yote iliyokula. Kuwasha gari usiku kucha kwa ajili ya ruta na feni moja ni kumlisha ng'ombe kwa ajili ya kikombe cha maziwa.

Washa kwa vipindi. Saa mbili asubuhi, mbili mchana, mbili jioni zinatosha friji iliyojaa na isiyofunguliwa ovyo, na gari linajilia uniti 1.2 tu. Au, kama una betri ya sola, ijaze haraka kutoka kwenye gari, kisha zima gari uishi kwa betri.

Likikata ghafla likiwa na asilimia 20, hicho ni kikomo ulichokiweka au kilichowekwa kiwandani ili ubakiwe na chaji ya kufika hospitali au kituo cha kuchajia. Kiache hapo.

Inveta ya sola inakataa umeme wa gari

Usiingize gari kwenye mlango wa shirika wa inveta inayouza umeme nje. Ikijaribu kusukuma sola kuelekea kwenye gari, bora itakayotokea ni gari kuzima. Tumia mlango wa jenereta kama upo, zima kuuza nje, na punguza mkondo wa kuchaji betri. Kwa betri ya volti 51.2, ampea 40 ni wati 2,048. Ukiongeza upotevu gari linatoa karibu 2,300. Gari la 3,300 linabaki na wati 1,000 za nyumba. Gari la 2,200 liwekee ampea 25. Inveta nyingi zinakuja zikiwa zimewekwa ampea 60 au zaidi, ndiyo maana gari linakata sekunde kumi baada ya kuunganishwa, kila mara, kwa uaminifu.

Gari limekufa kabisa, hata milango haifunguki

Betri kubwa imejaa, ndogo ya volti 12 imekwisha. Bila hiyo ndogo kontakta hazifungi, na kuchomeka chaja hakusaidii. Fungua kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti. Pima: 12.6 imejaa, 12.0 iko chini ya nusu. Gari likiwa tayari kwenda isome kati ya 13 na 14.5. Ikishindwa kupanda, kigeuzi kinachoilisha hakifanyi kazi. Unaweza kuiamsha kwa nyaya kutoka gari lingine, lakini gari la umeme lisitumike kuamsha la petroli. Stata inavuta mkondo ambao kigeuzi hicho hakikuandaliwa.

Leaf ya zamani inaonyesha asilimia 30, kisha inaanguka hadi 8

Vibao vidogo upande wa kulia ndivyo vya kuangalia: 12 ni mpya, cha kwanza hupotea uwezo ukishuka hadi takriban asilimia 85. Yenye vibao 8 kati ya 12 imebaki na asilimia 60 hadi 66. Ya uniti 24 maana yake 14 hadi 16. Lakini kuanguka ghafla ni jambo jingine. Chomeka kisomaji cha OBD (tundu la uchunguzi la gari), fungua Leaf Spy, programu ya simu ya kusoma betri ya Leaf, tazama jozi 96 za seli chaji ikiwa chini. Tofauti kati ya ya juu na ya chini ikizidi milivolti 100, na jozi ile ile ikiwa ya mwisho kila mara, hiyo ndiyo inayoliangusha gari zima. Fundi wa betri anaweza kubadilisha moduli hiyo moja kwa nyingine yenye uwezo unaolingana na zilizobaki, si mpya kabisa, maana mpya itaachana mwendo na wazee wake tangu siku ya kwanza.